Jina Lililotolewa Kundini

Siku moja kabla ya Idi, kibanda cha Mishi, fundi wa nguo, pale Ukunda kilifurika watu hadi barabarani, na katika msukumano ule Yusra akapewa mfuko usio wake. Ndani akakuta kanzu. Kando yake, kijana mrefu alikuwa ameshika gauni la zambarau lenye nakshi kifuani, haelewi alifanyeje.

"Hilo litanikaa mimi vizuri zaidi," Yusra akamwambia.

"Nami nilikuwa nimeshaanza kulizoea."

Wakacheka, wakabadilishana mifuko. Kijana aliitwa Mbarak. Kumbe alikuwa ameajiriwa kusimamia kompyuta katika hoteli ileile ya Diani ambako Yusra alikuwa karani wa mapokezi.

Hotelini wote walitumia mtambo mmoja wa kompyuta, lakini kila mtu aliwekwa katika kundi lake, na kundi ndilo lililompa ruhusa. Wa jikoni waliona vyakula, wa mapokezi waliona vyumba na wageni, mameneja waliona kila kitu. Mbarak ndiye aliyewaingiza watu na kuwatoa. Yusra alimtania kwa simu amtie kwa mameneja, naye akamjibu kwamba kundi analomtakia ni la watu wawili tu. Haukupita muda akaenda Kinondo kumwamkia mamake Yusra, na mama akampenda.

Kisha wageni wakapungua Diani. Asubuhi moja Yusra alikuwa mezani, mtandio umemkaa sawa, familia imesimama mbele yake na mizigo, mtambo ukamwandikia kwamba hana ruhusa. Akajaribu tena, vilevile. Kompyuta ya Linet, mwenzake, ilifunguka bila taabu. Yusra akampigia Mbarak.

"Habibi, mtambo wanikataa. Hebu niangalilie."

"Ni hitilafu tu, roho yangu. Subiri hapo hapo."

Akasubiri, akiwaomba wageni radhi na kutabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Aliyekuja ni askari wa lango, kumwambia anaitwa ofisini. Huko akaelezwa kwamba kazi yake imekwisha, na askari yuleyule akamtoa nje wenzake wakitazama.

Jioni Mbarak alifika Kinondo macho mekundu, akaapa hakujua lolote. Yusra akamlilia begani. Mbarak hakumwacha wakati wote ule wa kukaa bila kazi, na hatimaye posa ikaletwa, ikapokewa.

Yusra alipata kazi katika zahanati ya binafsi Msambweni. Hapakuwa na fundi wa kompyuta, kwa hivyo alifundishwa yeye kupanga makundi ya watumiaji. Muuguzi mmoja alipohama, akaambiwa amtoe. Akafungua kundi la wauguzi, akachagua jina, akabonyeza. Mtambo ukamwuliza kama ana hakika.

Yusra akabaki akilitazama swali lile. Hitilafu haiulizi mtu kama ana hakika.

Akamwita Mbarak. Alikuja amenyoa, amejaa habari za harusi. Yusra alimpokea barazani pa zahanati.

"Aliyenitoa kundini ni nani?"

Mbarak hakuuliza kundi gani. Alikaa chini. "Meneja aliniamuru. Alisema nikikuambia, nami naondoka. Nikafikiri tukikosa kazi sote wawili, tutaoana kwa pesa gani?"

"Kunitoa ningekusamehe, ilikuwa amri. Lakini nilikupigia mimi mwenyewe, Mbarak, ukaniambia nisubiri."

"Niliogopa."

"Najua. Na siku nyingine ukiogopa, utaniacha nikisubiri wapi?"

Mbarak alilia bila kuficha uso. Yusra alitamani kumshika mkono, akaizuia mikono yake mapajani hadi Mbarak alipoinuka kwenda zake.

Mama aliuliza wazee waambiwe nini. Yusra akasema waambiwe kwamba amekataa yeye, na kijana hana kosa. Posa ikarudishwa. Watu wa Kinondo wakasema kazi ya Msambweni imempa kiburi, kijana mpole vile atampata wapi tena. Yaliposemwa mbele yake, Yusra aliinama na kunyamaza. Bado alimpenda kiasi cha kutotaka asemwe Mbarak.