Benchi la Juu

Barua ya kwanza waliicheka. Ilitoka kwa mzee Orville Stensrud wa Bismarck, Dakota Kaskazini, na ilisema hivi: "Picha yenu ya wiki ni nzuri, lakini aikoni zangu hazitaki kukaa kwenye benchi la juu. Nazipandisha, nakwenda kumimina kahawa, nikirudi nazikuta zimeshuka zote, zimebanana chini kama vifaranga walioona mwewe. Rekebisheni."

Helmi Kangasniemi aliisoma kwa sauti akacheka mpaka akashika mbavu. Yeye na mdogo wake, Arvo, ndio waliokuwa wakitoa jarida la Uso Mpya, katika vyumba viwili juu ya duka la misumari na rangi pale Hancock, Michigan. Kila Ijumaa jarida lilikwenda kwa barua pepe: picha mpya ya kupamba skrini, habari za masasisho, vichekesho, na chini kabisa picha za skrini ambazo wasomaji wamezipamba wenyewe. Kazi yao ilikuwa kupendezesha kompyuta za watu na kuwachekesha. Si kazi ya kuua mtu.

"Mzee huyu hajasasisha programu yetu miaka sita," Helmi alisema. "Kila asubuhi kijisanduku kinamuuliza, 'Usasishe sasa?' Kila asubuhi anabonyeza 'Hapana.' Sasa hata aikoni zimemchoka, zinahama!"

"Usimwandike tena, dada. Wiki iliyopita ulimwita kisiki."

"Akisasisha nitaacha."

Akamwandika. Ijumaa ile watu elfu arobaini na moja walimcheka mzee Stensrud na aikoni zake.

Picha yenyewe ilikuwa ya sauna ya bibi yao marehemu, kibanda cha Kifini cha kuogea mvuke, kule shambani Tapiola: kuta za magogo, mawe ya moto, mabenchi matatu yaliyopanda kama ngazi, na mvuke mweupe uliokatwa na mwanga wa kidirisha. Ilikuwa nzuri kweli. Ila haikupaswa kupigwa.

Aliyelelewa kule anajua. Watu wakishaoga wote, wa mwisho humwaga kata moja ya maji juu ya mawe, hufunga mlango, huondoka. Mvuke ule wa mwisho si wake. Ni wa mwenye sauna, ambaye alikuwapo kabla ya magogo hayajachongwa. Ukimwita jini hutakosea. Hakuna anayemtaja jina na hakuna anayerudi kuchungulia.

Arvo aliyajua hayo. Lakini wiki ile picha zilikuwa zimewaishia, na Helmi alikuwa akifoka tangu Jumatano.

"Mwanga unakuwa mzuri kwenye mvuke wa mwisho tu," Arvo alimwambia. "Na ule si wetu."

"Mwenye sauna hana kompyuta," Helmi akajibu. "Kapige."

Akaenda akapiga.

Jumanne barua zilikuwa mia mbili, zote wimbo mmoja: aikoni zinashuka. Helmi hakupenda kuambiwa kitu bila kukijaribu. Alikokota kikapu cha taka kwenye skrini yake, akakiweka benchi la juu, akageuka kufungua pai yake ya nyama na viazi. Alipotazama tena, kikapu kilikuwa chini kabisa, karibu na mlango wa ile sauna, mahali pa kukaa watoto na wageni wanaoogopa joto.

Akakirudisha. Safari hii hakupepesa macho. Kikapu kilikaa, kikakaa, kisha kikatetemeka kidogo, kikashuka chenyewe, polepole, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa sikioni kwamba amekalia kiti cha mwenyewe.

"Arvo," aliita kwa sauti ndogo. "Unasikia harufu?"

"Ya majani ya mbetula, kama ya saunani kwa bibi. Tangu asubuhi." Arvo alikuwa amevaa makoti mawili, kofia na glavu. "Na kuna baridi hapa, dada. Umezima joto?"

Helmi alimtazama. Yeye alikuwa amekunja mikono ya shati na jasho linamtiririka. Kompyuta zote tano zilikuwa zimepata moto kiasi kwamba huwezi kuziwekea kiganja, na ndani ya spika, ambazo hazikuwa zimewashwa, kulikuwa na sauti anayoijua kila mtoto wa kule: *chwaaa*, maji yakianguka juu ya mawe, kisha kimya, kisha pumzi ndefu ya mtu mzima anayejinyoosha.

Alitaka kusema neno la mzaha, maana mzaha ndio uliokuwa kazi yake, lakini macho yake yalikuwa yameshaangukia kikombe mkononi mwa Arvo, kahawa aliyoimimina dakika tano tu zilizopita ikifuka moshi, na sasa juu yake palikuwa na ngozi nyembamba ya barafu, na mdogo wake alikuwa akiigonga kwa kijiko bila kuelewa, *tik, tik*, kama anayebisha hodi.

Hakungoja. Alimpakia garini akampeleka mji wa jirani, Calumet, kwa mama Saima Lahti, aliyekuwa akiumika watu wa pande zile tangu kabla Helmi hajazaliwa. Mama Saima alimvua Arvo shati jikoni kwake, akambandika chuku, pembe ya kufyonzea damu, mgongoni. Chuku haikushika. Akabandika nyingine. Ikashika, na alipoibandua, ndani hamkuwa na damu bali chembe za barafu nyekundu, ngumu kama chumvi ya mawe.

Bibi yule aliweka vifaa vyake chini.

"Mvuke wa mwisho mmeupeleka wapi?"

Helmi alikuwa na ulimi mkali lakini hakuwa mwongo. Alieleza yote, na akasema ni yeye aliyeamuru.

"Watu wangapi?"

"Elfu arobaini na moja, mama."

"Mwizi wa kawaida anaiba, anakula," mama Saima alisema. "Nyinyi mmeiba mkagawa. Kila aliyeitundika picha ile amemfungulia mwenyewe mlango wa sauna, naye akakuta mawe ya baridi. Anapanda benchi la juu, anatafuta joto lake, halipo. Sasa analidai kwa aliyelichukua. Huyu mtoto hatamaliza wiki."

"Nifanye nini?"

"Itoe. Kila ilipo. Ukimaliza, washeni sauna, mpeni kata mbili badala ya moja, mwondoke bila kugeuka." Akamshika Helmi kifundo cha mkono. "Na unisikilize vizuri, binti. Atakuwa anahama. Ukifunga mlango huu ataingia ule. Yule atakayebaki na picha mwishoni, ndiye atakayekaa naye mzima mzima."

Helmi aliandika sasisho siku nzima ya Jumatano na Alhamisi asubuhi, kazi moja tu ndani yake: kuifuta picha ya sauna kwenye kila kompyuta. Arvo alilala kwenye kochi la ofisi chini ya blanketi saba, kucha zake zikiwa na rangi ya zabibu. Saa sita mchana Helmi alilituma.

Programu ya Uso Mpya, hata ile ya kale kabisa, hutuma salamu ofisini: nipo, na skrini yangu inaonyesha picha fulani. Kwa hiyo Helmi aliweza kuhesabu. Elfu thelathini. Elfu kumi na moja. Kufika Ijumaa asubuhi, mia tisa. Kadiri namba ilivyoshuka, ndivyo rangi ilivyopanda mashavuni mwa Arvo. Saa nne aliketi. Saa tano akaomba pai. Saa sita akavua glavu, akacheka, akasema, "Dada, nasikia vidole!"

Helmi alimkumbatia, akalia kidogo, akarudi kutazama namba.

Moja.

Akafungua kuona ni nani. Alijua kabla hajafungua.

Arvo alisoma juu ya bega lake. "Mzee Orville. Hatasasisha huyo."

"Umepona?"

"Nimepona kabisa. Lakini dada..."

"Najua." Alikuwa ameshanyanyua simu.

Iliita mara tisa.

"Stensrud." Meno yalikuwa yakigongana.

"Mzee Orville, mimi Helmi Kangasniemi, wa Uso Mpya."

"Aha! Mama wa vichekesho mwenyewe! Umekosa cha kuandika, unanipigia simu nyumbani?"

"Baba, nakuomba. Ile picha ya sauna, iondoe sasa hivi. Kama huwezi, chomoa waya ukutani. Una baridi, sivyo?"

"Huku ni Januari, binti. Hata mbwa wangu ana baridi."

"Si ya Januari. Kuna kitu kwenye ile picha. Kimekaa benchi la juu. Wewe ndiye ulikiona kwanza, ukatuambia, nami nikakucheka. Nakuomba radhi. Sasisha, mzee wangu. Mara hii moja."

Nyuma ya pumzi za mzee Helmi alisikia *chwaaa*.

Kisha mzee Orville alicheka, kicheko cha kukohoa, cha mtu anayefurahia kweli. "Jini la kulazimisha watu kusasisha! Hii ni kali. Mimi kisiki nimekusikia. Unadhani sijui leo ni siku gani? Leo Ijumaa, binti. Ijumaa mnanicheka. Jioni nitajisoma, 'Orville alikimbia picha!'"

"Wallahi si utani! Naapa kwa kaburi la bibi yangu!"

"Mwaka juzi uliapa hivyo hivyo kwamba kipanya kinakula jibini. Nilikwenda dukani." Sauti yake ikashuka, ikawa ya upweke. "Hata hivyo, ahsante kwa kupiga. Hakuna anayepiga."

Akakata.

Helmi alipiga tena. Iliita. Akapiga, ikaita. Akawapigia simu polisi wa Bismarck, akawaambia kuna mzee anaganda ndani ya nyumba yake, na hakusema zaidi, maana alikuwa amejifunza thamani ya neno lake. Kisha alikaa akiishikilia simu kwa mikono miwili huku Arvo, mzima, mwekundu, amesimama nyuma yake akiwa ameshika pai asiyoweza tena kuila, na wote wawili wakaitazama ile moja iliyokataa kuwa sifuri mpaka vioo vya madirisha vikawa vyeusi na theluji ikafunika magari chini barabarani.

Polisi alipiga saa kumi na mbili. Walimkuta kitini. Jiko la kupasha nyumba lilikuwa linawaka vizuri, alisema, na kompyuta ilikuwa ya moto hata ikamuunguza polisi mwenzake, lakini masharubu ya mzee yalikuwa barafu tupu. Mkono ulikuwa juu ya kipanya. Kwenye skrini kijisanduku kilikuwa kimefunguka, kinauliza kama asasishe, na mshale ulikuwa umefika juu ya "Ndiyo." Hakuwahi kubonyeza.

"Nimechomoa waya mwenyewe," polisi alisema.

Namba ikawa sifuri.

Jumamosi waliwasha sauna, wakamwaga kata mbili, wakafunga mlango, wakatembea kwenye theluji mpaka garini bila kugeuka. Nyuma yao walisikia mawe yakilia na mtu akishusha pumzi. Arvo alisema ni pumzi ya kushukuru. Helmi aliwasha gari.

Ijumaa iliyofuata jarida halikuwa na vichekesho. Lilikuwa na jina la mzee Stensrud, na maneno ya kuomba radhi, basi. Helmi akafungua barua za wasomaji waliotuma picha za skrini zao. Alizifungua kwa mazoea, moja baada ya nyingine, mkono ukienda mbele ya akili, na ya sita ilikuwa imeshajaa kioo chote kabla hajasoma imetoka wapi.

Ilitoka Bismarck. Maneno yalikuwa mawili: "Nimesasisha, binti."

Magogo. Mawe. Mvuke. Aikoni za mzee zilikuwa zimerundikana chini kama vifaranga, na juu ya benchi la juu palikuwa wazi, nafasi ya watu wawili.

Helmi alijaribu kuifunga. Haikufunga. Pembeni namba iliruka kutoka sifuri ikawa moja, na alipobonyeza kuona ni kompyuta ya nani, alikuta jina lake.

"Dada?" Arvo aliita kutoka chumba cha pili. "Mbona umenyamaza?"

"Baki huko huko," Helmi alisema. Aliinua kikombe, na midomo yake ikagusa barafu. "Usije hapa, Arvo. Chomoa waya mkuu, halafu nitupie koti."

Akasikia hatua za Arvo zikikimbilia ukutani. Kwenye skrini, juu kabisa, mvuke ulijongea kidogo upande mmoja, kama watu wawili wanaosogeleana kumpisha mgeni akae.