Mkeka wa Gemu Uliokataa Kutulia

Kila alasiri alipotoka shule, kabla hajagusa sahani ya chakula, Mwamini alikuwa na kazi moja isiyokwepeka: kupiga deki sebuleni. Mama yake, mwenye banda la chakula karibu na stendi ya Nachingwea, alikuwa amempa utaratibu usiobadilika. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya maji ya sabuni, ndoo ya pili ya maji matupu ya kusuuzia, na mwisho tambara kavu. Sakafu yao ilikuwa ya saruji laini iliyopakwa rangi nyekundu, na mama alipenda kuiona iking'aa.

Lakini kiangazi kilikuwa kimepamba moto. Bomba la mtaa lilitoa maji kama mtu anayetoa sadaka asiyoitaka, na foleni ya ndoo ilifika hadi kwenye kona ya msikiti. Baba alikuwa kijijini Narung'ombe akivuna ufuta, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsaidia kubeba. Mwamini akaanza kuiona ndoo ya pili kuwa adhabu. Akaiacha. Badala yake akaongeza sabuni ya unga katika ndoo ya kwanza, ili nyumba inukie vizuri. Jioni, mama alipouliza, "Umesuuza, mwanangu?" yeye alijibu bila kupepesa macho, "Nimesuuza, mama."

Bibi Zuleha, aliyeishi nao, alikuwa ameanza kutembea sebuleni akishika ukuta.

"Sakafu hii siku hizi ina utelezi," alilalamika.

"Ni ndala zako, Bibi. Soli zimekwisha," Mwamini alimjibu, akaendelea na mambo yake.

Wakati huo mambo yake yalikuwa mkeka. Si mkeka wa ukindu, bali mkeka wa gemu: kipande cha plastiki laini chenye picha za mishale, na waya mrefu uliochomekwa kwenye runinga. Mshale ukiwaka kwenye kioo, mchezaji hukanyaga mshale wa aina hiyo chini ya miguu yake, akifuata mdundo wa muziki. Mjomba Faridi, fundi wa simu na runinga mjini Ruangwa, ndiye aliyemwazima. Nyuma ya duka lake mjomba alikuwa na chumba cha michezo, na Jumamosi ya wiki ile angeshindanisha watoto, wawili wawili, kila mmoja akicheza zamu yake na alama zikijumlishwa.

Kwa Mwamini jambo hilo halikuwa dogo. Shuleni hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote. Kwenye netiboli alishika makoti ya wenzake. Kwenye ngonjera alipewa kazi ya kupiga makofi. Safari hii alikuwa na nafasi yake mwenyewe, na alikuwa amejichagulia mwenzi bora kuliko wote: Bertha.

Bertha alikuwa binti wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka upande wa Ziwa, wakajenga nje kidogo ya mji, kwenye njia ya Mtua. Hakuwa msemaji, ila miguu yake ilikuwa na masikio. Aliusikia mdundo mara moja tu, akaushika.

Taabu ilikuwa mkeka wenyewe. Haukutaka kutulia. Mwamini akikanyaga mshale wa kulia, mkeka wote ulikimbilia kushoto. Akiruka mbele, ulirudi nyuma kama mbuzi anayevutwa machinjioni. Nyimbo ziliisha, alama zikabaki chini, na kila siku hasira yake ilipanda kidogo.

Alasiri moja Bertha alikuwa katikati ya wimbo mgumu, na Abdala, kijana wa nyumba ya jirani waliyesoma naye darasa moja, alikuwa mlangoni akitazama. Mkeka ukachomoka. Bertha akaanguka kwa kishindo, kiwiko chake kikajikwangua kwenye saruji.

Mwamini alipaswa kumwinua. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo cha runinga, alama zilikopotea.

"Ni miguu yako," alisema. "Huko kwenu mnajipaka samli. Mkeka utatulia vipi?"

Abdala akacheka hadi akashika mlango. "Samli! Ndiyo maana inzi wanamfuata darasani."

Bertha alisimama taratibu, akapuliza kiwiko chake. "Miguu nimeinawa hapa hapa kwenu, Mwamini. Na wewe ndiye uliyenimiminia maji."

Akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mazoezi yalikuwa ya mtu mmoja, na hapo ndipo Mwamini alipopata jibu ambalo hakulitaka. Bertha hakuwapo, na mkeka uliteleza vilevile. Aliosha miguu yake kwa sabuni, akajifuta hadi ikamwasha. Mkeka ukateleza.

"Basi ni mkeka mbovu," alijiambia.

Akaweka mawe kwenye pembe zake. Akaruka, akajigonga kidole, akakaa chini akilishika jiwe kwa hasira kana kwamba lilimtukana. Akabandika tepu, tepu ikang'oka kabla wimbo haujafika katikati. Akatandika gunia chini. Gunia likajikunja, akapiga magoti bila kutaka. Mwishowe akakoroga unga wa muhogo kwa maji ya moto, kama watoto wafanyavyo wanapotengeneza gundi ya tiara, akaupaka sakafuni na kuugandamiza mkeka juu yake. Uji ukakauka, ukapasuka vipande vipande, na sisimizi wakajipanga mstari mrefu kutoka dirishani.

Bibi Zuleha alichungulia. "Una wageni, mjukuu wangu. Mboga umewapikia?"

"Bibi, niache."

"Upige misumari," Abdala alisema kutoka mlangoni. "Au mwite Samli aje aukalie."

Mwamini hakucheka. Shindano lilikuwa keshokutwa, mwenzi hakuwa naye, na mkeka ulikuwa umetapakaa uji. Alichukua ndoo ya maji ya kunywea, kwa kuwa mengine hayakuwapo, akayamwaga sakafuni na kuanza kusugua uji ule kwa nguvu zake zote.

Povu likatokea.

Akasimamisha mkono. Maji yale hakuyatia sabuni hata chembe. Akamwaga mengine kidogo mahali ambapo uji haukufika, akasugua kwa kiganja. Povu likaumuka jeupe, likajaa katikati ya vidole vyake. Sakafu ilikuwa na utelezi wa mlenda. Kumbe sabuni yote ya siku zile haikwenda popote. Ilibaki pale pale, tabaka juu ya tabaka, ikisubiri mguu wa mtu.

Alichagua kipande kimoja cha sakafu, akakisuuza, akakamua tambara, akasuuza tena mpaka maji yakatoka masafi kama yalivyoingia. Akakikausha. Akausafisha mkeka upande wa chini, akautandika hapo, akapanda juu yake, akaruka kwa miguu yote miwili.

Mkeka haukusogea.

Alikuwa ameisubiri furaha hiyo kwa siku nyingi, na sasa ilipofika ilimkaa kifuani kama tonge lisilomezeka. Alimwona Bertha akipuliza kiwiko. Alimwona Bibi akipapasa ukuta.

Abdala, aliyeona yote, alinong'ona, "Mwambie umenunua gundi mjini. Nani atajua?"

Lilikuwa jibu jepesi, na kwa muda Mwamini alilipenda. Kisha akageuka, akamkuta Bibi amesimama nyuma yao, mkono ukiwa ukutani.

"Bibi," alisema, "si ndala zako. Ni mimi. Sikuwa nasuuza."

Bibi Zuleha alilitazama povu. "Mimi sikuanguka, namshukuru Mungu. Yule mtoto wa watu ndiye aliyeanguka. Na nilisikia ulichomwambia. Mimi ni mzee, si kiziwi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole umekwisha kujikwaa. Sasa nenda ukautazame ulimi wako."

Kina Bertha waliishi mwendo mrefu kutoka pale. Mwamini alifika vumbi limemjaa hadi magotini. Mama yake Bertha alikuwa akichemsha maziwa uani; Bertha alikuwa kwenye jamvi akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Bertha, mgeni wako huyu."

Bertha hakuinua uso. Mwamini akakaa pembeni ya jamvi, akaokota gunzi, akaliweka chini. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, lakini yote yalimkimbia.

"Ilikuwa sakafu," alisema. "Nilikuwa napiga deki kwa sabuni na sisuuzi. Nilimdanganya mama. Wewe hukuwa na kosa."

"Kwa hiyo samli ilikuwa wapi?"

"Kwenye ndoo yangu."

Mama yake Bertha aliinua kichwa aliposikia neno samli. Bertha aliendelea kupukuchua. Punje ziliruka jamvini.

"Tangu asubuhi darasani wananiita Samli," alisema hatimaye. "Hata wa darasa la tatu. Wewe umekuja kuniomba radhi huku, kwenye ng'ombe, ambako hakuna anayesikia."

Mwamini aliliokota tena lile gunzi. "Unataka nifanye nini?"

"Uliponipa jina hilo, kulikuwa na watu. Litoe mbele ya watu."

Jioni alimweleza mama. Mama hakumchapa wala hakupaza sauti. Alimpa ndoo, wakaenda pamoja bombani, wakapanga foleni, wakarudi kuisuuza sebule nzima hadi mikono ikawauma. Mama alisema jambo moja tu: "Kilichoniumiza si sakafu. Nilikuuliza kila siku, na kila siku ulinitazama machoni."

Asubuhi Mwamini alimwomba Mwalimu Selestini, mwalimu wa darasa, ruhusa ya kusema neno. Alisimama mbele, akaeleza habari ya mkeka, ya ndoo na ya sabuni. Aliposema, "Jina la Samli nilimpa mimi kwa uongo, na nawaomba msilitumie tena," mtu mmoja nyuma alicheka. Wengine hawakumfuata. Abdala aliinamia daftari lake kana kwamba lilikuwa na shimo.

"Kaa, Mwamini," Mwalimu Selestini alisema. "Nami nikilisikia jina hilo tena, nitajua ni nani ambaye hakuwa akisikiliza."

Wakati wa mapumziko Bertha alimpita uwanjani, akasema bila kusimama, "Basi la kwenda Ruangwa linaondoka saa ngapi?"

Jumamosi walikwenda na mama. Chumba cha Mjomba Faridi kilikuwa kimejaa watoto na wazazi hadi madirishani. Kelele hazikuwa za muziki tu. Kila jozi iliyoshindwa ilitoka na sababu yake. Mmoja alisema waya umelegea. Wa pili alisema mkeka umeteleza. Wa tatu alimsukuma mwenzake na kumwambia amemharibia.

Zamu yao ilipofika, Bertha alicheza kwanza. Alicheza kwa namna iliyowafanya hata akina mama waliokuja kuuza karanga waache biashara yao. Alama zao zikapanda juu kabisa. Mwamini akaingia kumalizia. Alikuwa akienda vizuri, mshale baada ya mshale, mpaka kwenye mzunguko wa mwisho. Mshale wa nyuma ukawaka. Mguu wake ukachelewa, ukakanyaga pasipo pake, na wimbo ukaisha. Wakapitwa na jozi moja ya watoto wa Ruangwa.

Chumba kikaguna. Mwamini alihisi machozi yakija, na pamoja nayo hasira ile ya zamani iliyokuwa ikitafuta mtu wa kumwangukia.

Mjomba Faridi aliinama kuutazama mkeka. "Mkeka umeteleza, mjomba?" aliuliza kwa upole. "Kama umeteleza, sema. Nitawapa nafasi nyingine."

Watu wote walikuwa wakimtazama. Neno moja dogo tu lilitakiwa, na hakuna ambaye angelipinga. Mwamini alimtazama Bertha. Bertha naye alikuwa akisubiri.

"Haukuteleza, Mjomba," Mwamini alisema. "Mguu wangu ulichelewa."

Bertha alicheka, si kwa dhihaka. "Ulichelewa sana," alisema. "Mdundo mmoja na nusu."

Mjomba Faridi akasimama wima, akawageukia watoto. "Tangu asubuhi waya wangu umelaumiwa, mikeka yangu imelaumiwa, hata umeme umelaumiwa. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia habari ya mguu wake."

Mama alimvuta Mwamini karibu, akamfuta uso kwa pembe ya kanga. "Sikiliza, mwanangu. Kosa ukimtwika mwenzako, utashinda ukimsubiri yeye abadilike, na kosa litabaki kwako. Ukilikubali kuwa ni lako, siku hiyo hiyo unaweza kulifanyia kazi. Ndiyo maana mtu mkweli hujifunza upesi."

"Tena upesi," Mjomba Faridi alisema, akielekeza kidole kwenye kona iliyokuwa na mkeka mtupu. "Basi la Nachingwea bado halijapakia. Bertha, mfundishe huyo mshale wa nyuma."

Bertha alikwisha kuvua viatu.