Mshono wa Kona ya Hema

Lifti ya jengo lile refu ilikuwa imegoma asubuhi nzima. Ukumbi wa chini ulijaa watu wenye mafaili, wenye watoto na wenye hasira, na milango ilipofunguka hatimaye, wote walisukumana. Mbele kabisa alikuwa binti mwenye gauni la kijani, raba nyeupe miguuni na roli la turubai begani, mzigo wa mteja wa ghorofa ya tisa.

"Subiri, dada," fundi lifti alimzuia kwa mkono uliojaa grisi.

"Nisubiri nini tena? Si imepona?"

"Imepona. Lakini kwanza napanda mwenyewe."

"Ili iweje?"

"Ili ikikatika, mzike mmoja."

Watu wakacheka, yeye akanuna. Lakini milango ilipomfunika yule kijana, alijikuta akikodolea macho namba za ghorofa zikiwaka moja moja, moyo ukimdunda kwa ajili ya mtu asiyemjua. Fundi akashuka akitabasamu, mwanya wazi.

"Karibu, mrembo. Njia ni salama."

"Asante, Mtangulizi."

Jina likamganda. Naye, alipogundua kuwa binti anashona mahema na ana ulimi mkali, akambandika la Sindano. Kabla ya mwezi kuisha hakuna aliyelala bila kusikia sauti ya mwenzake kwenye simu.

Sindano alikuwa na kiu moja. Karakanani kwao walikuja watu kila msimu kuchukua mahema ya kwenda hifadhi ya msitu, yenye maporomoko ya maji. Walirudi wakisimulia hadi mate kuwatoka, naye akiwasikiliza huku akiziba matundu ya mahema yao.

"Vidole vimeota sugu kwa kushona mahema," alimwambia Mtangulizi, "na sijalala ndani ya hema hata siku moja."

"Nitakupeleka, laazizi."

Basi akashona la kwao wawili, la kijani, kila mshono mara mbili. Jioni walikaa chumbani kwa Mtangulizi, sufuria na kamba zimetapakaa sakafuni, wakipanga safari.

"Na mvua ikinyesha?" Mtangulizi aliuliza.

"Tutalowa."

"Na nyani wakituibia chakula?"

"Tutalala njaa. Mpenzi, hii ni safari au unakagua lifti?"

Sindano akamshika mashavu kwa mikono miwili, utani ukamwisha usoni. "Nisikilize. Hili hema halifunguliwi mpaka tufike. Tutalisimamisha pamoja, na maporomoko tutayaona pamoja, mimi na wewe, mara ya kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia, mke wangu."

"Nani kakuoa?" alisema Sindano, akamrushia taulo.

Alikuwa hajui kwamba ndani ya kisanduku cha spana, chini ya nati, kulikuwa na pete. Mtangulizi alikusudia kumvisha kule kule, mbele ya maji. Sasa, mtu ambaye hampandishi hata mgeni kwenye lifti asiyoijaribu, angempeleka vipi mpenzi wake mahali asipopajua, kwa siku kubwa kama hiyo? Jumamosi moja alimwambia Sindano kwamba anashinda kazini, kuna lifti ya hospitali imekwama. Kisha akabeba hema, akaenda hifadhini peke yake.

Maji yalikuwa yamejaa. Yaliporomoka kwa kishindo kilichotetemesha kifua, na matone yakamlowanisha akiwa bado mbali. Akasimamisha hema, akawasha moto wa kuni, akachagua jiwe bapa la kumvishia pete. Alifurahi mno, akageuka kusema, "Unaona?" Hakukuwa na mtu. Hapo hapo furaha ikamkatika, akajua amekosea, akaanza kung'oa vigingi kwa haraka hata akachana kona ya hema.

Dada yake mkubwa, aliyekaa chumba cha pili, ndiye aliyelishona.

"Mdogo wangu, mwambie ukweli," alimsihi.

"Nitamwambia huko huko, dada. Nisimharibie."

Siku chache kabla ya safari Sindano alipita kwa Mtangulizi kuongeza kamba kwenye mfuko wa hema. Dada alimfungulia, akarudi jikoni kwenye vyombo vyake. Sindano alipolegeza mdomo wa mfuko, harufu ya moshi wa kuni ikampiga puani. Akalivuta hema lote. Vidole vyake vilifika kwenye kona kabla ya macho. Mshono ule haukuwa wake, wala haukuwa wa mwanamume wa spana. Ulikuwa mdogo, ulionyooka, wa mkono wa mwanamke mwenye subira. Akatoka bila kuaga, akampigia simu akiwa barabarani.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kazini, mpenzi. Si nilikwambia? Ile lifti ya hospitali."

"Nani kashona hema langu?"

"Hema lipi?"

"Nakuuliza wewe!"

Angesema "dada" yangeisha. Lakini kumtaja dada kungeivuta ile safari ya siri, na safari ingeivuta pete, naye alishaipenda mno ile siku aliyoipanga.

"Labda ulilishona mwenyewe ukasahau," akasema.

Kumwambia fundi amesahau mshono wake ni kumwambia mama amesahau sura ya mwanawe.

"Kumbe mimi ni mjinga kiasi hicho," Sindano alisema, akakata.

Tangu hapo simu za Mtangulizi hazikupokelewa. Alikwenda karakanani, akaambiwa hayupo, na viatu vyake anaviona chini ya cherehani. Tarehe ya safari ikapita. Mvua zikakatika, vumbi likarudi mitaani. Mtangulizi alikonda, na Sindano alishona maturubai ya malori siku nzima ili asiguse hema la mtu yeyote.

Siku moja akaingia karakanani dada mtu, kitenge kichwani, hakusalimu sana. Akaomba sindano na uzi, akavuta kigoda, akaanza kushona kipande cha turubai kilichookotwa sakafuni. Sindano alitazama mshono ukitoka mkononi mwake, mdogo mdogo, ulionyooka. Machozi yakamtoka.

"Ni wewe, dada?"

"Ni mimi, wifi. Alikwenda peke yake, mjinga yule, kukujaribia njia. Nilingoja aje aseme mwenyewe, nami nimekosea kungoja."

Jioni ile simu ya Mtangulizi iliita.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kukushtukiza."

"Umenishtukiza kweli," Sindano alisema, na wote wawili wakashindwa kucheka. "Nipeleke. Kesho hiyo hiyo."

"Mpenzi, sasa ni kiangazi..."

"Nipeleke hivyo hivyo."

Wakafika. Msitu ulikuwepo, nyani walikuwepo, jiwe bapa lilikuwepo. Maporomoko hayakuwepo. Kwenye ukuta mrefu wa mwamba ilibaki alama nyeusi pana, na katikati yake uzi wa maji ukidondoka polepole.

"Yalikuwa yanafika hapa," Mtangulizi alisema, akinyoosha mkono kwenye ile alama. Akatoa pete. Haikuwa na kisanduku, ilinuka grisi. "Nisamehe. Nilipoyaona niligeuka kukuonyesha, hukuwepo. Sikuyafaidi tena."

Sindano aliitazama pete, akautazama mwamba.

"Si uongo tu unaoniuma," alisema. "Wewe uliyaona maji, unayo kichwani. Mimi nina jiwe. Na nusu ya kosa ni langu, ningepokea simu hata mara moja."

Akanyoosha kidole mwenyewe. Mtangulizi akamvisha.

Walisimamisha hema pamoja, jua likishuka. Sindano alikuwa amebeba wembe ili aufumue ule mshono wa kona, aushone upya kwa mkono wake. Akaugusa, akarudisha wembe mfukoni. Wakalala chali, mlango wazi, wakisikiliza tone moja, kisha jingine.

"Yalikuwa yananguruma," Mtangulizi alianza kwa sauti ya chini, "mpaka kifua..."

Sindano akamziba mdomo kwa kiganja chenye pete.

"Usinisimulie," alisema. "Mvua zikirudi, tutakuja. Na safari hiyo, Mtangulizi wangu, usitangulie."