Boga la Pankajavalli

Mama yangu, Tulasi, hakuwahi kula boga. Majirani zetu wa Madras walidhani ni maringo ya mwigizaji mstaafu. Mimi mwanawe nilijua sababu alipolala kitandani asiinuke tena. Alinisimulia mwenyewe, mchana kweupe, ameushika mkono wangu kama mtoto anayevuka barabara.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Ilikuwa zama za picha nyeusi na nyeupe, na studio za filamu za Kodambakkam, mtaa wa Madras, zilikuwa na jina moja tu midomoni: Pankajavalli. Huyo alikuwa dada yake mama, yaani mama yangu mkubwa. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda, kilibanwa na mlango utotoni. Mbele ya kamera alikificha kwenye upindo wa sari. Watazamaji wakadhani ni madaha, na wasichana wa mji mzima wakaanza kushika sari vile vile.

Tulasi ndiye aliyemvisha, akampepea, akamshikia kioo. Na kila kazi ilipokwisha, ndiye aliyemzungushia boga.

Ni lile boga ambalo ganda lake lina unga mweupe kama majivu. Hutobolewa, hutiwa unga mwekundu, na juu yake huwashwa kafuri, kile kitu cheupe chenye harufu kali kinachowaka upesi. Huzungushwa mbele ya uso wa mwigizaji ili likusanye macho yote yaliyomwonea kijicho siku hiyo. Kisha hupelekwa njia panda, hupigwa chini likapasuka, na aliyelivunja huondoka bila kugeuka nyuma.

"Wengine wangeniangushia mguuni," Pankajavalli alitania siku hiyo. "Mdogo wangu huyu hajui hata kukosea."

Mafundi wa taa wakacheka. Kamatchi, mwanamke aliyekuwa msusi wao, akachokoza, "Na wewe Tulasi, lini utazungushiwa boga?"

"Siku utakayonyoa hizo sharubu zako, shangazi."

Wakacheka tena. Tulasi alicheka kuliko wote. Asubuhi ile mtayarishaji wa filamu alikuwa amemwita pembeni, akamtazama uso, halafu mikono.

"Mmefanana mno," alimwambia. "Ila vidole vyako vimenyooka. Dada yako akiugua, nguo zake nitamvisha nani mwingine?"

Akarudi zake kazini.

Basi Tulasi alilizungusha boga kama kawaida, akatoka nalo getini. Njia panda hakufika. Alilifunika kwa sari, akazunguka nyuma ya studio, akalisukuma chini ya kitanda cha chumba alichopumzikia dada yake.

"Umelivunja?" Pankajavalli alimuuliza, kama alivyouliza kila siku.

"Nimelivunja, dada."

Haukupita muda, uso wa Pankajavalli ukaanza kuota unga mweupe. Kamatchi aliupangusa kwa mafuta. Ukarudi. Daktari akasema ni poda mbovu, wakaacha poda. Ukarudi. Kila alipolala mchana aliamka akitetemeka.

"Tulasi, nani hao wanaonitazama?"

"Hakuna mtu, dada."

"Wapo. Wengi. Wako chini."

Mama aliniambia kwamba siku zote hizo angeweza kuinama, akalitoa boga, akalivunja. Hatua chache tu mpaka njia panda. Lakini nguo za dada yake zilikuwa zimeshapunguzwa kiunoni, na zilimkaa yeye vizuri.

Siku ya mwisho Pankajavalli alimshika mkono. Uso wote ulikuwa mweupe, macho tu ndiyo yalibaki.

"Ulilivunja?"

"Nimelivunja, dada."

Pankajavalli akauachia mkono wake.

"Haya," alinong'ona. "Nitakuuliza tena."

Alipokufa, wakauchoma mwili wake kwa desturi yao. Tulasi akavaa zile nguo.

Vipande vya kwanza vya filamu vilipokuwa tayari, walikaa kuvitazama katika ukumbi mdogo wa studio. Tulasi alijiona kwenye filamu, amesimama dirishani, analia kimya. Hapakuwa na maneno katika onyesho hilo. Lakini kwenye pazia la sinema midomo yake ilicheza.

"Ulisema nini pale?" akauliza fundi wa sauti.

"Sikusema kitu."

Fundi akarudisha filamu nyuma. Akaongeza sauti. Kwanza mkwaruzo. Kisha mnong'ono.

*Ulilivunja?*

Hiyo haikuwa sauti yake. Na mkono ulioshika upindo wa sari, pale kwenye pazia, kidole kidogo kilikuwa kimepinda.

Tulasi akautazama mkono wake gizani. Vidole vimenyooka.

"Umemwiga dada yako mpaka kidole!" Mtayarishaji alipiga makofi. "Acheni hivyo hivyo. Watu watalia."

Tulasi alikimbilia chumba cha kupumzikia. Akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Boga halikuwepo. Lilibaki duara la unga mweupe sakafuni.

Aliigiza miaka mingi. Katika kila filamu, mahali fulani, kidole kilipinda. Watu walijaa kumtazama, wakatoka wakipangusa machozi na kusema, "Pankajavalli amerudi." Jina la Tulasi hakulitaja mtu. Nyumbani, jua likizama, nilimsikia akiujibu ukuta: "Nimelivunja, dada." Nilidhani anakariri maneno ya kazi.

Mama alikufa asubuhi, nikiwa naandaa kahawa. Wanawake wa mtaa walipokuja kumwosha, nilichukua ufagio nifagie chini ya kitanda chake. Ufagio ukagonga kitu kizito.

Boga. Bichi, kama limechumwa leo. Unga wake haujaguswa. Kafuri juu yake ilikuwa bado ina joto.

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo. Nimewafundisha wengi kwamba kilichoachwa bila kumalizwa humaliziwa. Nililikumbatia, nikatoka nalo pekupeku mpaka njia panda, nikalipiga chini. Lilipasuka. Nyuma yangu mtu alishusha pumzi, pumzi ndefu. Sikugeuka.

Niliporudi, mmoja wa wanawake alikuwa ameushika mkono wa kushoto wa mama.

"Mwalimu," alinong'ona, "kidole hiki cha mama yako kilipinda lini?"

Nilitazama kidole chake kidogo, kilichonyooka maisha yake yote: kilikuwa kimepinda kama cha dada yake. Chini ya ukucha wake kulikuwa na unga mweupe.