Mashine Iliyosema Maneno Magumu

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Kompyuta alikwenda chuoni kwa shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wenzake, kwa kuwa msichana huyo alipenda hesabu na mitambo kuliko kitu chochote. Insha aliziandika shingo upande. Maneno, alisema, hayajengi kitu.

Shangazi alikuwa profesa wa uhandisi. Alianzia kiwandani, akashika spana mpaka viganja vikaota sugu, kisha akasomea kompyuta. Baadaye, huku watu wakimcheka, akarudi darasani kusomea lugha na historia. Sasa alikuwa akitengeneza mashine ya kuwaonya kwa sauti wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni mtambo unapokwama. Siku hiyo alimwachia binti wa kaka yake aandike onyo lenyewe. Kompyuta aliandika chapuchapu, akachagua maneno mazitomazito ili aonekane msomi.

Wiki iliyofuata walikwenda kiwandani kulijaribu. Mche mmoja wa sabuni ulipokwama kwenye mkanda, sauti ikatoka: "Hitilafu ya mtiririko wa bidhaa imebainika katika mfumo wa usafirishaji."

Wafanyakazi walitazamana. Mmoja akauliza kama hiyo ilikuwa taarifa ya habari. Kabla kicheko hakijaisha, sabuni zilirundikana, zikaporomoka, nusura ziwavunje vidole vya miguu. Msimamizi, mtu asiyependa mzaha kazini, akamwambia profesa kwamba jambo lile likitokea tena, chombo chake kiondoke.

Kompyuta aliona haya. Akakiri kwa sauti ya chini kwamba hakuwafikiria watakaosikia. Shangazi hakumgombeza. Alimtuma akakae na wafanyakazi kwenye chai, asikilize wanavyosemezana, ndipo aandike upya.

Alisikiliza, akauliza, akaandika, akafuta, akaandika tena. Hakuna insha iliyowahi kumtoa jasho namna ile. Mitambo iliponguruma na sabuni nyingine ikakwama, sauti ilisema: "Sabuni imekwama. Zima mkanda."

Mama aliyekuwa karibu akabonyeza kitufe papo hapo. Haikuanguka hata sabuni moja. Msimamizi alitabasamu, ingawa aligeukia ukutani kwanza.

Wakirudi nyumbani, Kompyuta aliuliza kama hiyo ndiyo sababu shangazi alirudi kusomea lugha.

"Ndiyo, mwanangu," alijibu shangazi. "Niliwahi kutengeneza mashine nzuri sana, ikawekwa pembeni ikala vumbi, kwa sababu hakuna aliyeielewa. Chombo tunawatengenezea watu. Usipojua wanavyosema na wanavyoishi, hesabu zako zitakuwa sahihi na kazi yako itakuwa bure. Basi usidharau somo lolote. Yote utayahitaji."