Kengele ya Kijiji cha Mbao

Rafiki yangu Monicah si mtu wa kutunga mambo. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Riyadh, kwa Mjerumani mmoja mzee. Sebuleni kulikuwa na kijiji kidogo cha mbao alichokichonga bosi mwenyewe: mto, kinu cha maji, kanisa.

"Ndiko nilikozaliwa," alimwambia. "Walijenga bwawa, bonde zima likafurika. Watu watatu walikataa kuhama. Kwetu akifa mtu, kengele hulia mara moja. Siku ile ililia mara tatu. Wewe pangusa kwa brashi kavu. Maji mafi, hata tone usiguse nalo, umesikia?"

Alasiri moja, bosi akiwa kazini, dhoruba ya vumbi ikafunika mji, nyumba ikawa giza tititi. Vumbi likapenya hadi kijijini. Monicah akalowesha kitambaa, kama alivyozoea kwao Kakamega, akapangusa kanisa.

Kengele ikalia.

Kanisa lilichongwa kwenye gogo moja, halikuwa na kengele ndani. Ikalia tena, nzito, kama inapigwa chini ya maji. Ikalia ya tatu. Monicah akashusha pumzi.

Ikalia ya nne.

Akampigia bosi simu. Simu ikapokelewa.

"Bosi? Nisamehe, bosi..."

Alisikia maji tu, yakimiminika.