Breki za Nyuma za Kobe

Kona ya tatu ya mteremko ndiyo iliyomwambia Fundi Breki kwamba mambo yameharibika. Alikanyaga pedali, ikashuka nusu. Akakanyaga tena, ikazama yote mpaka kwenye bati la sakafu, laini, bila kushika kitu. Tani tatu na ushei za bati, mbao, jiko, kitanda na kabati la vyombo zikaendelea kushuka.

"Mzee, punguza," mkewe akasema.

"Napunguza."

"Mbona hatupungui?"

Aliingiza gia ya chini, injini ikapiga yowe. Akavuta breki ya mkono, ikaja yote kwa ulaini, haikumsaidia hata chembe. Harufu ya kuungua ikapanda kutoka magurudumu ya mbele. Kulia palikuwa na hewa tupu, kushoto ukuta wa mwamba, na kona ya nne ilikuwa inawajia mbio. Akafanya jambo moja lililobaki: akaliegemeza gari kwenye mwamba.

Ubavu wa kushoto ulichanika kwa mlio mrefu. Vyombo vikamwagika kabatini, mlango wa abiria ukabonyea ndani, gurudumu la mbele likapanda lundo la kokoto, likasimama. Pakawa kimya. Halafu mkewe akasema kwa sauti ndogo, "Mguu wangu."

Mlango ulikuwa umeubana mguu wa kushoto juu ya kifundo. Fundi alitumia chuma cha jeki kuutoa, dakika ishirini, huku mkewe akiuma upindo wa mtandio wake. Walipoutoa, wayo ulikuwa umeangalia upande usiotakiwa. Alimlaza kitandani, akamfunga mguu kati ya vipande viwili vya rafu ya kabati. Hapo ndipo aliposikia maji yakimwagika.

Tangi la maji lilikuwa ubavu uleule. Akatoka mbio na birika na sufuria, akalala chali chini ya gari akikinga. Lita mia moja zilikuwa zimeshanywewa na kokoto. Alichookoa kilikuwa birika moja limejaa na sufuria nusu.

Sasa hawa walikuwa nani, na walikwenda kutafuta nini kwenye barabara ile? Mume alikuwa ametengeneza breki miaka arobaini, katika gereji moja, kwenye shimo moja, na jina lake mwenyewe lilishasahaulika, watu wote wakimwita Fundi Breki. Mke alikuwa mshonaji, cherehani yake ya miguu ikiwa dirishani pa chumba cha mbele. Gari lile la nyumba, zee kuliko mtoto wao wa kwanza, mume aliliokota kwenye vyuma chakavu, akalifufua kwa miaka miwili. Walilipa jina Kobe, kwa sababu lilibeba nyumba yake na halikuwa na haraka. Walikuwa wanakwenda kwa binti yao aliyejifungua. "Tutafika tukifika," Fundi alimwambia kwa simu, na akamwambia watapita barabara mpya.

Kwenye njiapanda akapinda kushoto, akashika ya zamani, ile iliyoachwa tangu mpya ifunguliwe. Akasema ya zamani ina mandhari. Mandhari gani, jamani! Ukweli ni kwamba malori ya barabara mpya yalimtisha. Yalimjia yakiwa ukungu, yakawa malori ghafla, yakapita. Mwaka wa pili huo macho yake yalikuwa yanafifia, na hakuwa amemwambia mtu.

Siku ya kwanza walingoja. Simu haikushika mtandao. Fundi alipiga hesabu kwa sauti: chini, kwenye uwanda, kulikuwa na kambi ya wafanyakazi wa barabara, kilomita kumi na moja. Kupanda kurudi haikuwezekana, maana hapakuwa na pa kugeuzia gari, na kinyumenyume kwenye kona zile ni kujiua. "Atapita mtu," alisema. Hakupita mtu. Jua lililiwasha bati mpaka likawa haligusiki. Walikunywa kikombe kimoja kimoja asubuhi, kimoja kimoja jioni.

"Kwani breki zilikuwa na nini?" mkewe aliuliza.

"Mafuta ya breki yamechemka. Mteremko mrefu, gari zito. Ni kawaida."

"Na zile za nyuma ulizotengeneza juzi?"

"Zile hazina kosa," akasema, kwa ukali uliomshangaza yeye mwenyewe.

Siku ya pili, kabla jua halijapanda, alichukua chupa ya maji akaanza kushuka kwa miguu. Alijiambia kilomita kumi na moja ni matembezi tu. Asubuhi ile vivuli vilikuwa virefu, na kwake kivuli na shimo vilikuwa kitu kimoja. Alitembea akipapasa ukuta wa mwamba kwa mkono wa kushoto. Mahali mwamba ulipokatika, aliweka mguu juu ya kitu alichodhani ni lami.

Hakukuwa na lami. Aliporomoka kwenye korongo, akagonga mbavu, chupa ikapasuka chini yake. Alilala pale akisikia maji yakimlowesha shati, akalikamua shati mdomoni, akapata mchanga na chumvi. Ilimchukua mpaka saa sita kutambaa kurudi juu. Mkewe alimtazama magoti yaliyochanika, viganja vyenye damu, chupa ambayo haikurudi. Akamsogezea kikombe chake mwenyewe, na Fundi, Mungu amsamehe, alikinywa.

Mchana ule alikaa kwenye ngazi ya gari akiona wazi kwamba watafia hapo. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Ndani, mkewe alikuwa ameanza kuongea na binti yao kama vile yumo mle, akimwambia amfunike mtoto. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kitambaa kikazama ndani ya nyama, na vidole vimeiva rangi ya zambarau. Fundi alimpepea kwa kifuniko cha sufuria, mkono ukichoka anabadilisha mkono. Wala hakuomba waokolewe tena. Aliomba yeye asiwe wa kwanza kufa, asije mwenzake akabaki peke yake na mguu ule.

Siku ya tatu homa ilimwachia mkewe kidogo. Maji yalikuwa yamebaki vikombe vitatu.

"Baba watoto," akaita. "Fungua breki za nyuma."

"Nimekwambia hazina kosa."

"Tunakufa. Fungua."

Kwa hiyo alifungua. Alipiga jeki upande wa kulia, akapanga mawe chini ya ekseli, akatoa gurudumu. Mbavu zilimchoma kila alipovuta pumzi. Ngoma ya breki, lile beseni zito la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, ilimtoka baada ya nyundo tano. Ilitoka kirahisi mno. Akaweka kidole kati ya mahali ngoma ilipokuwa na viatu vya breki, vile vyuma viwili vilivyopinda ambavyo hutanuka na kuibana ngoma kwa ndani. Viatu vilikuwa vimejikunja mbali kabisa. Hata ungekanyaga pedali mpaka kesho visingeigusa ngoma.

Mkewe alikuwa amejiburuta kwa makalio mpaka kwenye gurudumu, mguu uliofungwa ukimfuata. Akaegemea tairi, uso umelowa.

"Nionyeshe," akasema.

"Kinachovitanua viatu ni hii ajasta." Akaing'oa, skrubu nene kama kidole, yenye kigurudumu cha meno katikati. "Ikizunguka inarefuka, viatu vinasogea karibu na ngoma. Breki za gari hili zinajikaza zenyewe. Ukirudi nyuma na kukanyaga, kigurudumu hiki kinasogezwa jino moja."

Aliisogeza ajasta puani, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Nipe mimi," mkewe akasema.

Aliyeshona pindo kwa miaka thelathini hahitaji miwani kuona mchirizi wa skrubu. "Hii mistari yake inapanda kuelekea kushoto. Skrubu zote nilizowahi kuona zinapanda kulia."

"Hapana. Upande huu inatakiwa inayopanda kulia—" Akamsogelea. "Angalia vizuri."

"Nimeangalia vizuri, mzee."

Akafungua upande wa pili. Ajasta ya pale mistari yake ilipanda kinyume. Fundi akaziweka mbili zile kiganjani, akakaa chini kwenye kokoto. Zilikuwa zimebadilishana upande. Kila mara mashine ilipojaribu kukaza breki, ilikuwa inazilegeza. Na juu kule kabla ya mteremko, alipohisi pedali iko chini kidogo, alifanya alichowafundisha vijana wote: alirudi nyuma akakanyaga, akarudi nyuma akakanyaga, mara kumi, mkewe akihesabu kwa kucheka. Mara kumi alizifungua breki kwa mguu wake mwenyewe, kisha akaanza kushuka mlima.

Na hapa ndipo penye uchungu. Fundi huyu alikuwa na kanuni moja, na hakuna aliyepita mikononi mwake asiyeijua: fungua upande mmoja tu. Mwingine uache ulivyo, ndio kitabu chako. Ukisahau kitu, nenda kasome. Miaka arobaini alifukuza vijana kwa kuivunja. Juzi, uani kwake, vijana wale wamekuja kumuaga, wamekaa kwenye matairi wanamwangalia mzee kazini, akafungua pande zote mbili kwa mkupuo ili wamwone bado ni yeye.

"Sioni," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. "Karibu vitu vyote ni moshi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipoliambia koti langu mlangoni likupishe upite." Akajaribu kucheka, akashindwa. "Unadhani njia nzima naongea kwa nini? Kona hii, mbuzi wale, lori lile. Mimi na domo langu."

Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa akiona raha kwamba safari imemchangamsha mke wake.

"Lingine," mkewe akaendelea, polepole. "Siku ile nilikuoshea vyuma vyote katika beseni moja. Nilijua kanuni yako. Niliona umeivunja, nikaona unapapasa. Vijana wako walikuwa pale. Nikanyamaza usiaibike."

Hasira ilimpanda Fundi mpaka masikio yakawaka. "Ungesema."

"Ndiyo. Ningesema."

Hawakuwa na nguvu ya zaidi ya hapo. Alimchukia kwa muda wa kama dakika moja, akajichukia kwa muda mrefu zaidi, halafu akachukua bisibisi.

Mkewe ndiye aliyekuwa macho. Alimtajia mistari, akamwelekeza springi kwenye tundu lake, na Fundi akamalizia kwa vidole ambavyo havijasahau. Kila ajasta ikarudi kwao. Alirudisha ngoma, akakaza kigurudumu jino kwa jino kupitia tundu la nyuma, huku akizungusha ngoma na sikio lake limeegemea chuma. Aliposikia mkwaruzo mwembamba, akalegeza kidogo, akaacha. Mrija wa mafuta wa breki za mbele ulikuwa umekatika kwenye mwamba. Aliukunja akaubana kwa plaizi. Wangeshuka na breki za nyuma peke yake. Nusu chupa ya mafuta ya breki ilikuwepo. Mkewe alikaa kwenye kiti, akapampu pedali kwa mguu mzima, naye Fundi chini akitoa hewa iliyoingia kwenye mirija. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Mara ya kumi na moja mkewe akasema, "Imekuwa ngumu."

Waligawana kikombe kimoja, kingine wakakimaliza kwa kujifuta midomo, cha mwisho akakiweka kwenye birika.

Walianza kushuka saa nane, gia ya kwanza. "Kushoto kidogo," mkewe akasema. "Jiwe. Nyoosha. Kona ya kulia, kali, punguza." Alikanyaga. Nyuma pakashika, pazito, na Kobe likapunguza. "Nyoosha. Kushoto ni wazi. Punguza."

Kilomita ya nane sauti ikawa inaburuta. Ya tisa ikakatika katikati ya neno "kona."

"Kona ya wapi? Mama watoto, kona ya wapi?"

Mbele ya kioo palikuwa na weupe mtupu. Alikanyaga kwa nguvu zote za mbavu zake zilizovunjika. Gari likateleza, likanguruma, likasimama. Aliposhuka kupapasa, kidole cha mguu uliotangulia hakikukuta ardhi.

Alirudi ndani kwa magoti. Alimwinua kichwa, akamtilia maji ya birika tone kwa tone, akimwita kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, jina ambalo hakuwa amelitumia miaka mingi. Maji yakaisha. Akaendelea kumwita.

"Kulia," mkewe akasema, macho yamefumba. Akafumbua moja. "Kona ya kulia. Rudi nyuma kwanza, mjinga wewe."

Alirudi nyuma, akakanyaga. Safari hii jino la ajasta lilisogea upande wa kukaza.

Msimamizi wa kambi alikuta gari la nyumba limesimama mbele ya mahema yake, ubavu mmoja wazi, mzee amekumbatia usukani. Akauliza nani alikuwa anaendesha.

"Huyu," Fundi alisema mbele ya wafanyakazi wote. "Mimi sioni."

Mguu haukuokoka. Hospitali waliukata chini ya goti. Macho ya Fundi walisema yatafanyiwa upasuaji, moja kwanza, na lingine baadaye. Vijana wa gereji walipokuja kuwaona, aliwasimulia yote, mara kumi za kurudi nyuma na beseni moja, bila kuacha kitu, na mmoja wao akatoka nje akakaa uani muda mrefu.

Cherehani iko palepale dirishani. Mkewe anasema mguu mmoja unachoka haraka, basi yeye anaongoza kitambaa, na Fundi amekaa kwenye kigoda ubavuni, miguu yake miwili juu ya pedali. Pindo likifika mahali pa kupinda, mkewe haondoi macho kwenye sindano.

"Mzee, punguza."

Anapunguza.